Unyoya wa Magomeni: paka aliyeshtakiwa kwa njiwa asiyemla

Madai yaliyofika kwa mjumbe yalikuwa mepesi kueleza. Mfugaji mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, alikuwa amepotelewa na njiwa watatu kwa muda usiofika mwezi, na alitaka alipwe na jirani yake, mama mwenye paka dume mkubwa wa rangi ya chungwa. Ushahidi ulikuwa unyoya mmoja ambao watoto waliuokota uani kwa huyo mama, chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye karo.

"Mama, mimi sikugombezi," mfugaji alimwambia, "lakini banda linazidi kupungua, na unyoya huu haukuja kwako kwa miguu."

Mama akajibu kwamba paka wake anakula dagaa asubuhi na jioni, na hata akitamani njiwa hana ubavu wa kupanda bati.

Mjumbe ni mzee mtaratibu. Alisema habari ya fidia itazungumzwa baadaye, kwanza ijulikane unyoya ni wa ndege gani. Ndipo nikaitwa, kwa kuwa mtaani najulikana kama yule wa darubini, anayesimama njiani akitazama juu ya miti mpaka bajaji zinampigia honi.

Kisa chenyewe ni cha kawaida kabisa. Ninakiandika kwa sababu hoja zilizotolewa pale barazani ni zile zile ninazozisikia kila mtu anapookota unyoya: watu hushika rangi, wakishindwa hushika ukubwa, wakishindwa tena hutoa simu. Na zote tatu zilitupeleka pembeni kabla hatujafika.

Unyoya ulikuwa hivi. Urefu wake ulikuwa karibu sentimita 13, kuanzia ncha ya bua, ule mrija mtupu unaoingia kwenye ngozi, hadi ncha ya juu. Uti, ule mhimili wa katikati, ulikuwa umenyooka, na ubapa, yaani nyuzi zilizopangana kila upande wa uti, wa kushoto na wa kulia ulikaribia kulingana kwa upana. Mwisho wake wa juu ulikuwa wa mviringo, umechakaa kidogo. Kuhusu rangi, sehemu ya chini ilikuwa kijivu chenye ukahawia, katikati kulipita mkanda wa weusi usio na kingo kali, na juu ya mkanda huo palibaki kipande kipana cha kijivu hafifu, kama theluthi nzima ya unyoya. Ukiugeuza upande wa chini, weusi ulikolea zaidi na kile kipande cha juu kikazidi kuwa cheupecheupe.

Kabla ya kutaja jina la ndege yeyote, swali la kwanza ni unyoya ulitoka sehemu gani ya mwili. Watu wengi huliruka hili, na ndilo linalookoa muda kuliko yote. Unyoya mkubwa wa ubawa una ubapa mmoja mwembamba na mwingine mpana, kwa sababu ule mwembamba ndio unaokata upepo, na mara nyingi uti wake umepinda. Huu wetu ulikuwa umenyooka na pande zake zinakaribiana. Kwa hiyo ulikuwa wa mkia, tena wa karibu na katikati, kwa kuwa manyoya ya pembeni kabisa mwa mkia nayo huwa na ubapa wa nje mwembamba. Njiwa na tetere wa kwetu kwa kawaida wana manyoya 12 mkiani, sita kila upande. Maana yake ni kwamba mezani palikuwa na kipande kimoja cha mkia, na mchoro wa rangi tuliotakiwa kuusoma ulikuwa wa mkia, si wa mgongo wala wa kifua. Mfugaji alikuwa akiufananisha na mgongo wa njiwa wake. Ukifananisha mkia na mgongo utapata chochote unachokitaka.

Kuku nilimwondoa haraka, ingawa mtaa umejaa kuku. Watoto walikuwa wameokota pia kinyoya kidogo cha mwili mahali pale pale. Vinyoya vya mwili vya kuku huwa na kinyoya cha pili, laini, kinachoota nyuma yake kutoka shina moja. Kwa jamii ya njiwa hicho cha pili hakipo, au ni kidogo mno hata hukioni. Hapa hakikuwepo.

Tukabaki na jamii ya njiwa, na Dar es Salaam inao wengi kuliko watu wanavyodhani. Yupo njiwa wa mjini, anayejaa Kariakoo na kwenye paa za misikiti, ambaye ni ndege mmoja na yule wa kufugwa, Columba livia. Yupo tetere mkubwa mwenye jicho jekundu, Streptopelia semitorquata, anayependa miti mirefu na sehemu zenye unyevu, kwa hiyo miembe na miarobaini ya Magomeni, karibu na bonde la Msimbazi, inamfaa sana. Yupo tetere mdogo kuliko huyo, Streptopelia capicola, ambaye hupenda zaidi sehemu za wazi na vichaka. Yupo yule wa kifua chenye madoadoa meusi, Spilopelia senegalensis, wa maeneo makavu zaidi. Wapo pugi, wadogo, wenye madoa ya kijani yanayong'aa ubawani, na ukiwaona wakiruka mabawa yao yana wekundu wa kutu. Na yupo ninga, ambaye ni kijani karibu mwili mzima na mkia wake ni mfupi, kwa hiyo hakuwa na kesi ya kujibu.

Sentimita 13 za mkia zilimtoa pugi. Ndege mzima ana urefu wa sentimita 20 hivi, na hawezi kubeba unyoya wa mkia mrefu kiasi hicho. Tetere wadogo wawili nao niliwatilia shaka kwa urefu, lakini kilichowatoa hasa ni weupe. Wote wawili wana weupe safi mwishoni mwa manyoya ya pembeni ya mkia, weupe ambao ndege akiruka huonekana kama pembe mbili za karatasi. Manyoya yao ya katikati, ambayo hayana weupe huo, ni ya rangi moja ya kahawia-kijivu bila mkanda wa kueleweka. Unyoya wetu haukuwa na weupe safi, na ulikuwa na mkanda. Haukukaa popote kwenye mkia wa hao wawili.

Wakabaki tetere mkubwa na njiwa. Hapo ndipo kesi ilipokuwa, na hapo ndipo ukubwa haukutusaidia hata chembe. Tetere mwenye jicho jekundu ana urefu wa sentimita 30 hadi 34, na njiwa wa kufugwa wa kawaida naye yuko huko huko. Mfugaji alishika rula, akapima, akasema, "Unaona? Sawa na wa kwangu." Alikuwa sahihi, ila usahihi huo haukumsogeza mahali.

Nikamwomba kitu kimoja: aende bandani kwake akaokote manyoya yaliyodondoka sakafuni. Banda lolote la njiwa lina manyoya sakafuni, maana ndege hawa hubadilisha manyoya kidogo kidogo kwa muda mrefu. Akarudi na mfuko wa plastiki umejaa. Tukachambua ya mkia, tukayapanga juu ya karatasi nyeupe, unyoya wa watoto katikati, yote yakiwa yametazama juu.

Njiwa wake wawili waliopotea walikuwa wa rangi ya majivu yenye ubuluu, wenye mistari miwili myeusi ubawani, rangi ile ile ya asili ya njiwa. Mkia wa njiwa wa namna hiyo una mkanda mweusi, ndiyo, na mfugaji aliushika mkanda huo kama mtu aliyeshika mwizi. Lakini tazama unapokaa. Kwa njiwa, mkanda uko mwisho. Kijivu kinapanda, kinapanda, kisha weusi, kisha unyoya umekwisha, au umebaki uzi mwembamba tu wa kijivu ukingoni. Manyoya ya pembeni kabisa yana pia weupe kwenye ubapa wa nje, sehemu ya chini. Kwa tetere mwenye jicho jekundu, mkanda unapita katikati, halafu juu yake kinafuata kile kipande kipana cha rangi hafifu. Rangi ni zile zile, kijivu na weusi, na ndiyo maana rangi peke yake inadanganya. Mpangilio ndio unaotofautiana. Yakiwa yamelala pamoja juu ya karatasi, hata watoto waliona bila kuelekezwa.

Njiwa wa tatu alikuwa mwekundu. Njiwa wekundu wa mabanda yetu ama wana mkia wa majivu meupe usio na mkanda mweusi, ama mkia mwekundu mzima. Huyo aliondoka kesini bila mjadala.

Mfugaji hakukubali hapo hapo, na hoja aliyoitoa ilikuwa nzuri kuliko zote za siku ile. Alisema, "Ndugu yangu, hicho kipande cha juu kimepauka kwa jua. Kilikuwa cheusi, kikafifia. Nguo zinafifia, itakuwa unyoya?"

Ni kweli manyoya hupauka, na jua la Dar halina huruma. Lakini jua lina utaratibu wake. Mkia ukiwa umekunjwa, manyoya yanalaliana kama vigae, ya katikati juu, ya pembeni chini yake. Jua hupata tu kile kilichojitokeza. Kwa hiyo unyoya uliopigwa na jua hupauka upande mmoja zaidi ya mwingine, na mpaka wa mpauko hufuata ukingo wa unyoya ulioufunika. Kwenye unyoya wetu, rangi hafifu ilianzia kimo kimoja kulia na kushoto kwa uti. Tena upande wa chini, ambao hauoni jua hata siku moja ndege akiwa ametua, ndiko tofauti ya weusi na weupe ilikuwa kali zaidi. Jua halipiki kutoka chini.

Kulikuwa na alama nyingine pia. Ile rangi nyeusi ya manyoya, melanini, huufanya unyoya uwe mgumu zaidi kuchakaa, na sehemu zisizo nayo hulika haraka. Ndiyo sababu ndege wengi weupe, membe kwa mfano, wana ncha nyeusi za mabawa. Kwenye unyoya wetu kipande cha juu kilikuwa kimelika kingo, nyuzi zake zimeachana, wakati mkanda mweusi ulikuwa mzima kama mpya. Kama kipande kile kingekuwa cheusi tangu mwanzo na kikafifia baadaye, nisingetegemea mpaka wa uchakavu uangukie pale pale kwenye mpaka wa rangi. Ulikuwa hafifu tangu ulipoota.

Mpwa wa mfugaji, kijana wa chuo, ndiye aliyeleta simu. Alipiga picha, programu ikafikiri kidogo, ikamjibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni Zenaida macroura. Akatusomea jina mbele ya wazee. Huyo ni tetere wa Amerika Kaskazini. Hayupo Tanzania, wala hayupo Afrika. Siilaumu simu sana, maana tetere huyo naye ana weusi na weupe mkiani, na picha nyingi za manyoya zilizoko mtandaoni ni za ndege wa Marekani na Ulaya, basi programu isiyoulizwa uko wapi hukimbilia inakojua. Dawa yake ni fupi: kabla ya kuamini jina, uliza ndege huyo anaishi wapi. Kijana akaongeza kwamba amesoma pia kuwa kuokota unyoya ni kosa la jinai. Hiyo nayo ilitoka huko huko, ni sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama. Nikaeleza kwamba hata sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataja manyoya inapoeleza nyara ni nini, kwa hiyo mazoea mazuri ni kupiga picha ukiweka rula pembeni, pande zote mbili za unyoya, na kuuacha ulipo. Mjumbe, ambaye muda wote alikuwa akiuzungusha vidoleni, aliuweka mezani.

Sikutaka jibu lisimame kwenye unyoya peke yake wakati mti wenyewe uko juu ya vichwa vyetu. Nikawaomba wanyamaze kidogo. Tetere mwenye jicho jekundu analia kwa mapigo sita, mawili ya kwanza yamejitenga na manne yanafuatana haraka. Yule mdogo wa vichakani analia kwa mapigo matatu, anarudia bila kuchoka. Haikuchukua muda, kwenye tawi la juu la mwembe akalia yule wa mapigo sita. Mama mwenye paka akasema huyo ndiye anayemwamsha kila alfajiri kabla ya adhana, na kwamba kuna kiota pale tangu mvua. Hakuna aliyekuwa amefikiri kulisema hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza juu kuna nini. Wote walikuwa wakitazama chini, kwa paka.

Hadi hapo nilikuwa tayari kuandika: unyoya wa mkia, wa karibu na katikati, wa tetere mwenye jicho jekundu. Lakini kulikuwa na jambo nililoona lazima nilitamke hata kama unyoya ungekuwa wa njiwa. Njiwa wa mjini na njiwa wa banda ni ndege mmoja. Wanaruka pamoja, wanakula pamoja nafaka zinazomwagika sokoni, na unyoya wa mmoja hauna saini ya mwenye mali. Hata kama tungepata mkanda mweusi mwishoni kabisa, tungeweza kusema "njiwa", tusingeweza kusema "njiwa wako". Mfugaji alinitazama vibaya kidogo. Kwa maoni yangu hili ndilo lililokuwa pengo kubwa zaidi la madai yake, na lingebaki pale pale siku yoyote.

Kisha paka. Mama alitaka niseme wazi kwamba hakufanya chochote, na mfugaji alitaka niseme kwamba walau alijaribu. Unyoya una la kusema hapa, ila kwa sauti ndogo. Paka hutafuna. Hukata mabua, na huacha manyoya yameshikana kwa mate. Kipanga hunyofoa moja moja kwa mdomo, mabua hutoka mazima lakini mara nyingi uti hubaki na kovu au mkunjo pale alipobana, na chini ya mti unakuta duara la manyoya mengi. Unyoya unaodondoka wenyewe kwa kubadilishwa una bua zima, kavu, safi, na kwa kawaida umechakaa, kwa sababu umemaliza kazi yake. Wetu ulikuwa wa namna hiyo ya tatu: bua zima, uti hauna kovu, ncha imelika. Na ulikuwa na kinyoya kimoja tu cha mwili karibu yake.

Lakini njiwa na tetere wana hila moja inayowavuruga wapelelezi. Ngozi yao huachilia manyoya kirahisi mno, hasa ya mkia na ya kiunoni, na ndege akidakwa au akishtuka vikali anaweza kuyaacha mdomoni mwa adui akaruka zake. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba paka hakumrukia tetere. Nilichoweza kusema ni kwamba shambulio la namna hiyo huacha fungu la manyoya, mengine mapya na mazima, na pale uani halikuwepo. Mama hakufurahishwa na "siwezi kuapa". Ndivyo ilivyo.

Mfugaji aliuliza swali la haki: basi njiwa wangu wako wapi? Hilo unyoya haukuwa na jibu lake, na nilimwambia hivyo. Kunguru wanaozagaa mjini, wale ambao asili yao ni Asia ya Kusini na ambao walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890, wanakula mayai na makinda ya njiwa na tetere bila aibu, lakini waliopotea walikuwa wakubwa. Kipanga anaweza kumchukua njiwa mkubwa, na akifanya hivyo kwa kawaida hupatikana mahali alipomnyonyolea. Wezi wapo. Na kuna lile ambalo kila mfugaji analijua na hapendi kulitaja: njiwa huvutwa na kundi jingine, hutua juu ya banda la mtu kufuata jike au mtama, na mwenye banda hufunga mlango kimya. Nikamuuliza kama waliopotea walikuwa na pete miguuni. Wawili walikuwa nazo, za plastiki, za bluu. Nikamwambia aanze na hizo pete, apite kwenye mabanda ya Mwembechai na Kigogo akiwa na adabu zake, kabla hajarudi kwa paka.

Mjumbe alichukua daftari akaandika mistari miwili: kwamba unyoya uliookotwa ni wa tetere wa mwituni, na kwamba kwa unyoya huo hakuna fidia. Akawapa wote wawili waweke sahihi. Mama akaomba iongezwe kwamba paka wake hana hatia. Mzee akafunga daftari, akamwambia, "Mwanangu, hapa tumesikiliza kesi ya unyoya. Ya paka haijaletwa."